Tarehe Ambayo Haitasomwa

Ndugu, jamaa, majirani na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu asubuhi hii ili mzee wetu asisindikizwe na watu wachache, familia inawasomea maisha ya marehemu kama yalivyoandikwa na binti yake mkubwa na kukubaliwa na mdogo wake wa kiume anayeyasoma, naye binti huyo ameomba yasomwe yote, pamoja na sehemu ambazo yeye mwenyewe hazimpendezi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1943, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne, baba yake seremala na mama yake mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo ukuta wake mmoja ulijaa alama za penseli, kwa kuwa seremala yule alimpima kila mtoto urefu kila mwanzo wa mwezi, na inaelekea huko ndiko marehemu alikopata ugonjwa wake wa kwanza, yaani ugonjwa wa kupima, ambao haukumtoka hadi mwisho.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1951 hadi 1958, akafaulu vizuri hesabu na kushindwa vibaya kuimba, kisha akajiunga na chuo cha ufundi kwa miaka miwili, na tarehe 3 Januari 1961 akaanza kazi kama msaidizi katika karakana ya kutengeneza mizani, ambako kwa miezi sita ya kwanza hakuruhusiwa kugusa kitu chochote isipokuwa kitambaa cha kufutia vumbi. Mwaka 1966 aliajiriwa na idara ya vipimo, akapanda kutoka fundi hadi mkaguzi, akawa anazunguka madukani na sokoni na sanduku lake la mbao lenye mawe kumi na manne ya shaba, kila jiwe limelala kwenye tundu lake kama yai kwenye trei, na wauza nyama wakimwona kwa mbali walikuwa wakipigiana kelele, “Gramu huyo! Toeni vidole kwenye sahani!”, naye akicheka kuliko wao, na jina hilo la Gramu likamganda. Hakuwa mtu wa kuwakomoa wauzaji tu, kwani kuna mwenye duka mmoja aliyemwambia kwamba mizani yake ina kasoro, yule bwana akaanza kujitetea kwa jasho, kumbe marehemu alitaka kumweleza kuwa kwa miaka miwili amekuwa akijipunja mwenyewe. Alistaafu tarehe 30 Juni 1998, akafungua karakana ndogo katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na aliendelea kutengeneza mizani za majirani mpaka ugonjwa ulipomzuia.

Tarehe 14 Desemba 1968, siku ya Jumamosi, marehemu alifunga ndoa na mkunga mmoja aliyekutana naye kazini, alipokwenda kukagua mizani ya kupimia watoto wachanga, mkunga huyo akambishia mbele ya wagonjwa kwamba kosa haliko kwenye mizani yake bali kwenye mawe ya mkaguzi, wakapima tena mara tatu, na mkunga akawa sahihi. Marehemu alipenda kusema kwamba siku ile alipoteza kesi akapata mke, na tangu hapo hakumwita kwa jina, alimwita Mwenzangu. Walijaliwa watoto wawili, binti mkubwa aliyezaliwa tarehe 22 Agosti 1970, ambaye alikuwa karani wa masjala, na mdogo wake wa kiume aliyezaliwa tarehe 5 Mei 1973, ambaye ni dereva wa lori, na marehemu ameacha pia wajukuu watano. Watoto wote wawili walilelewa kwa maneno mawili, “Pima tena”, waliyoambiwa walipoleta alama za mtihani, walipolalamika kwamba wameonewa, na hata walipokuja kusema kwamba wamepata mchumba, lakini aliyeyashika zaidi ni binti, ambaye kuanzia utoto aliandika tarehe ya kila jambo la ukoo, na watu walikuwa wakimpigia simu kumuuliza shangazi fulani alihama mwaka gani. Mke huyo alimtangulia marehemu baada ya ndoa ya miaka arobaini na mitatu. Tarehe ya kifo hicho familia inaijua, lakini haitasomwa hapa leo, na sababu yake mtaisikia.

Dalili za ugonjwa zilianza mwaka 2016, pale marehemu alipomtengenezea jirani mizani ya duka na kurudi nyumbani na skrubu zake nne mfukoni, na mwaka uliofuata alionekana akihangaika na sanduku lake, akijaribu kuliingiza jiwe la kilo kwenye tundu la robo. Tarehe 21 Mei 2018 daktari alieleza kwamba ni ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, usio na tiba, na tarehe 31 Machi 2019 binti mkubwa aliacha kazi, akarudi kuishi katika nyumba alimozaliwa, akiamini kwamba mtu mwenye subira na kumbukumbu nzuri hawezi kushindwa kumtunza baba yake.

Kuanzia mwaka 2020 mzee alianza kuchafuka, yaani kupandwa na hasira na fujo za ghafla. Kwa kawaida ilikuwa mnamo saa kumi alasiri, anachukua sanduku lake, anasimama mlangoni, anasema amechelewa kazini, binti anamjibu kwamba alistaafu tarehe 30 Juni 1998, naye anauliza, “Na Mwenzangu yuko wapi?”, binti anamweleza kwamba mama alifariki, anamtajia siku, mwezi na mwaka, anamkumbusha kwamba alikuwepo na udongo aliushika kwa mkono wake. Marehemu aliisikia habari hiyo kila mara kama ndiyo kwanza imefika. Alilia kama mtu aliyefiwa muda ule ule, kisha kilio kikageuka hasira, “Mwongo we! Chai nimekunywa naye asubuhi hii!”, akapiga mlango, akarusha mawe ya shaba, na moja lilivunja kidole cha mguu cha binti yake. Kesho yake saa kumi swali lilikuwa pale pale na jibu pale pale, kwa sababu binti wa Gramu aliona kwamba kumwambia baba yake neno lisilo la kweli ni sawa na kuweka kidole kwenye sahani.

Alhamisi ya tarehe 17 Septemba 2020, baada ya siku nne za kupigiwa kelele na kusukumwa, binti alimfungia baba yake chumbani kwa nje, akakaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani, akaziba masikio kwa viganja, na alikaa hivyo kwa dakika arobaini, muda anaoujua kwa sababu aliangalia saa. Ameomba jambo hili lisomwe kama lilivyotokea. Aliyesikia ngumi za mzee mlangoni ni kinyozi wa jirani, ambaye aliingia bila kubisha hodi, akafungua, na wala hakuuliza kuna nini, akamwambia mzee, “Baba, kichwa hiki kimeshakuwa msitu, twende tukafyeke”, wakaondoka wameshikana mikono. Aliporudi naye amenyolewa na kutulia, kinyozi alimwambia binti kwamba Jumatano na Ijumaa mchana mzee atakuwa wake, na binti alipoanza kusema kwamba anaweza mwenyewe, akamkatiza, “Dada, usinibishie, tangu mwezi wa sita hujachana nywele, na mimi kazi yangu ni kuangalia vichwa.” Ni kinyozi huyo huyo aliyemsukuma kwenda kliniki ya wazee.

Muuguzi wa kliniki hakumpa dawa, alimpa daftari lenye safu tatu, akamwagiza aandike kila mara mzee anapochafuka, saa ngapi, nini kilitangulia, na nini kilifuata. Kama kuna kazi iliyomfaa binti mkubwa basi ni hiyo, na kwa majuma manne aliandika bila kuruka siku, mwandiko wake ule ule wa masjala, mpaka matukio yakafika thelathini na moja. Tarehe 9 Novemba 2020 alilipeleka, akitegemea kwamba sasa watu watayaona makosa ya mzee kwa hesabu. Muuguzi alilipitia lote, akamrudishia, akamwomba asome kwa sauti safu ya katikati peke yake. Binti akasoma, nilimsahihisha, nilimsahihisha, nilimwambia kuhusu mama, nilimsahihisha mwaka, nilimwambia kuhusu mama, na alipofika mstari wa tisa aliacha kusoma akahesabu kwa kidole, na kwenye mistari thelathini na moja, ishirini na minne ilisema jambo moja, na ilikuwa imeandikwa na mkono wake.

Muuguzi akasema, “Dada, hujakosea hata tarehe moja, na shida yetu iko hapo.” Binti aliuliza kama basi inambidi amdanganye baba yake, akajibiwa hapana, mzee akiuliza mama yuko wapi usimjibu mama alipo, mwombe akuhadithie habari zake, maana anayemtafuta yuko kwenye kumbukumbu zake na huko wewe ndiye mgeni. Aliambiwa pia asimzuie mlangoni, ampe mkono watembee hadi pembeni mwa barabara na kurudi, azungumze akiwa mbele yake na si mgongoni, wakati wa kuoga aanzie miguuni na amfunike mabega kwa taulo, na akiona ukali umekuja ghafla bila sababu atazame kwanza kama kuna maumivu, kwani mzee asiyeweza kusema jino linauma atasema kwa ngumi.

Binti alitoka kliniki akijua kwamba kwa muda wa miezi kadhaa amemfisha mama yake upya karibu kila alasiri, mbele ya mtu aliyempenda kuliko wote, na kila mara kwa usahihi.

Kesho yake saa kumi, swali lilipokuja, aliweka kiti karibu na mlango, akasema, “Nihadithie habari zake, baba.” Marehemu akaweka sanduku chini, akahadithia. Kwa njia hiyo ukoo huu ulipata habari ambazo binti mkubwa hakuwa nazo katika maandishi yake, kwamba mkunga alikuwa akimlaza binti huyo mwenyewe, akiwa mchanga, kwenye sahani ya mizani kila Jumapili, na mumewe akisoma mshale, na kwamba siku ya harusi bibi harusi alivaa viatu vya kuazima, kimoja kikajazwa karatasi ili kisimtoke, na akacheka njia nzima kwa kuwa karatasi ilikuwa ikilia. Hakuna shahidi wa mambo haya wala karatasi ya kuyathibitisha, lakini yameandikwa.

Mwezi uliofuata daftari lilikuwa na matukio saba tu, matatu yalitokana na kukosa choo, mawili na jino bovu, moja na taarifa ya habari yenye milio ya risasi, na moja halikuwa na sababu iliyojulikana. Mdogo wake wa kiume, ambaye kwa simu alikuwa akisema, “Dada, si mumpe tu dawa alale?”, na ambaye daktari alimweleza kwamba dawa za namna hiyo zingeweza kumwangusha mzee na kumfupishia siku, alikuja kukaa siku kumi na moja ajionee, na siku ya tatu alikutwa amejifungia ndani ya lori lake, injini imezimwa, akisema anakagua usukani. Tangu hapo Jumamosi zote zilikuwa zake, na dada yake alilala.

Hawakuishi bila machozi baada ya hapo, kwa maana ugonjwa uliendelea kula, ukachukua majina ya wajukuu, ukachukua kijiko, ukachukua miguu, na binti mkubwa, ambaye alikuwa na neno moja la kumwambia baba yake, yaani nisamehe, aliona kwamba hawezi kulisema bila kumkumbusha kosa, na kumkumbusha kosa kungekuwa kumwambia tena ile habari, hivyo akabaki nalo.

Mwezi Desemba 2023 marehemu alishikwa na homa ya mapafu, akatibiwa, akarudishwa nyumbani akiwa dhaifu. Jumatatu ya tarehe 29 Januari 2024, saa kumi alasiri, alifungua macho akasema, “Mwenzangu?”, na hakuweza kuongeza neno. Binti alisema, “Nihadithie, baba”, akaona kwamba hawezi tena, basi akaanza kumhadithia yeye, kama alivyohadithiwa, mizani, Jumapili, harusi, viatu, akasema kwamba kiatu cha kulia kilikuwa kikubwa wakakijaza karatasi, na hapo marehemu alikunja uso, akainua kidole, akasema, “Kushoto.” Binti akajibu, “Ndiyo, baba, cha kushoto, nimekosea”, na marehemu akampapasa mkono mara mbili, kama alivyokuwa akifanya zamani alama zilipokuwa nzuri. Hilo ndilo neno lake la mwisho. Alifariki Ijumaa ya tarehe 2 Februari 2024, saa nne asubuhi, kitandani kwake, akiwa na umri wa miaka themanini, miezi kumi na siku ishirini na nne.

Familia inawashukuru madaktari waliosema ukweli bila kutuharakisha, muuguzi wa kliniki ya wazee na daftari lake, wafanyakazi wenzake wa zamani wa idara ya vipimo waliokuja kumtembelea na kumwacha awatume kazi, majirani waliomrudisha kila alipopotea na kumsalimia kana kwamba anakwenda ofisini, na kinyozi, ambaye jana alimnyoa kwa mara ya mwisho na kukataa kusaidiwa. Na kama kuna mtu hapa anayemtunza mzazi wa namna hii, akatoka nyumbani leo akiwa amechoka na amejichukia, binti mkubwa anaomba aonane naye kabla ya kuondoka, analo daftari jingine ambalo halijaandikwa kitu.

Ile tarehe hatukuisoma kwa sababu marehemu aliisikia mara nyingi kuliko mtu yeyote anavyostahili kuisikia, na hatutaki iwe miongoni mwa maneno anayosindikizwa nayo. Pumzika kwa amani, Baba, kiatu kilikuwa cha kushoto, na hakuna atakayekusahihisha tena.