Kaidi na Uzi wa Zeze Usionyooshwa

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1972, mtoto wa nne wa fundi cherehani na muuza maziwa. Jina la Kaidi alipewa na bibi yake mzaa mama, kwa sababu alikataa katakata kutambaa. Alikaa kitako mpaka siku aliyoamua mwenyewe kusimama. Bibi huyo alikuwa mpiga zeze, na aliimba kwa lugha ya kwao ambayo hata wakati huo wasemaji wake walikuwa wa kuhesabika.

Alisoma shule ya msingi mwaka 1979 hadi 1985, akamaliza sekondari 1989. Mwalimu wa muziki aliwahi kumwambia kuwa zeze alilorithishwa na bibi lina uzi mmoja uliolegea. "Haujalegea, mwalimu," akajibu. "Hapo ndipo unapokaa." Alitolewa nje ya darasa. Bibi alipohadithiwa, alicheka mpaka akashika mbavu.

Mwaka 1990 aliajiriwa kiwanda cha nguo, kitengo cha kukunja vitambaa. Huko ndiko alikounda bendi na wafanyakazi wenzake: gitaa, ngoma, kinanda na lile zeze. Walichukua nyimbo za bibi wakazitia mwendo wa dansi, na watu walicheza hadi viatu vikawavuka.

Juni 2003 walirekodi wimbo wao wa kwanza. Prodyuza, kwa nia njema tu, aliona kwenye kompyuta sauti ya ule uzi iko chini, akaipandisha ilingane na kinanda. Hakumwambia mtu. Wimbo ukapigwa redioni, ukapendwa sana. Kaidi, kwa furaha, akamwekea bibi yake. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na huyu mgeni anayepiga ni nani?"

Siku hiyo Kaidi hakula. Kesho yake alifika studio kabla ya mwenye ufunguo.

"Turekodi upya."

"Dada, wimbo umeshapendwa! Nani atajua?"

"Bibi ameshajua."

Kwa siku tatu bendi nzima ilikaza na kulegeza vyombo kufuata zeze. Kinanda chao kikuukuu hakikuwa na namna ya kushushwa, hivyo mpigaji wake akapewa kayamba, akanuna wiki nzima. Lakini bibi alipowekewa wimbo mpya, aliuimba kabla ubeti wa kwanza haujaanza. Albamu sita zilizofuata zilirekodiwa hivyohivyo.

Tarehe 14 Mei 2005 Kaidi alifunga ndoa na yuleyule mpiga kinanda. Shemeji yetu husema alioa mtu aliyemfukuza kazi. Walijaliwa binti mmoja.

Septemba 2023 marehemu alipata kiharusi, na vidole vya mkono wa kushoto vikakataa kubonyeza uzi. Tuliogopa, hatufichi. Mkao ule wa nyuzi haukuandikwa popote. Ulikuwa masikioni mwake tu. Yeye hakulia. Alimwita binti yake akae kitandani na zeze. Kila jioni binti alikaza nyuzi, mama akiwa amefumba macho, na pasipokaa sawa, alikohoa.

"Mama, si ndio huohuo?"

"Huohuo wako. Rudia."

Walirudia kwa miezi kumi na minne. Jioni moja ya Desemba 2024 hakukohoa, na binti akadhani amelala. "Hapo hapo," mama akasema. "Sasa zilegeze zote, uanze upya."

Binti alianza upya jioni ile, na kila jioni baada ya hapo. Tarehe 20 Februari 2025, saa nne asubuhi, kiharusi cha pili kilimchukua dada yetu hospitalini, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, binti, kaka wawili, dada mmoja, na bendi ya watu saba ambao leo, kwa mara ya kwanza, hawana wa kuwagombeza.

Kabla ya jeneza kushushwa, binti yake atapiga wimbo ule wa bibi. Nyuzi alizikaza jana jioni, peke yake, kando ya jeneza la mama, sisi sote tukiwa tumesimama sebuleni. Alipomaliza alishusha zeze, akamtazama mama yake, akangoja. Nasi tukangoja.

Hakuna aliyekohoa.

Lala kwa amani, Kaidi. Umeshapumzika; kazi ni yetu.