Hakuna Aliyenifunga

Ndugu zangu, ashukuriwe Mungu aliyenipa ulimi wa kulisema hili mbele yenu. Mimi ni Zainabu, mzaliwa wa Msimbu, Kisarawe.

Wenzangu walivunja ungo, wakawekwa ndani, wakatolewa kwa ngoma. Mimi nilingoja. Wadogo zangu wawili walinipita, wakachezwa, nami nikitwanga unga wa sherehe zao. Mama alidhani naficha, akawa anazikagua nguo zangu. Damu haikuja.

Hata hivyo niliozwa Magindu. Ndugu zangu, ya ndoa ile sitayaeleza yote. Mume wangu alishindwa kuniingilia, nami nililia kwa maumivu. Mwezi wa tatu akanirudisha kwetu na talaka.

Mganga akapiga ramli, akasema nimefungwa kizazi na shangazi Mwanaidi, dada wa baba, aliyenilea tangu naachishwa ziwa. Wazee wakaniuliza kama naamini. Niliitika. Ndiyo, niliitika mimi! Wakamfukuza, akahamia Gwata na jembe lake tu. Nikanyweshwa dawa, nikachanjwa, nikafukizwa, hakikubadilika kitu. Nikawa namwomba Mungu anichukue.

Mkunga mmoja wa zahanati ndiye aliyenisihi niende hospitali Dar es Salaam. Daktari alinilaza kwa dawa ya usingizi, akanichunguza. Nilipozinduka, nesi alinifasiria maneno yake taratibu: "Binti, hukufungwa na mtu. Umezaliwa huna mji wa mimba. Haukuumbika tangu ulipokuwa tumboni mwa mama yako, na njia ya uke nayo haikukamilika, ndiyo maana mumeo alishindwa. Damu hutaiona, wala hutazaa."

Nililia siku mbili. Sikuwa na tumaini la kungojea tena. Lakini katika kilio kile nilijua nimemdhulumu nani.

Nilipotoka sikwenda kwetu, nilikwenda Gwata. Nilimkuta shangazi amepofuka jicho moja, analima peke yake. Nikapiga magoti, nikamweleza yote. Aliweka jembe chini, akaniinua. Kisha akasema, "Kumbe hata wewe hukuwa na kosa, mwanangu."

Ndugu zangu, sikupona. Mtoto sina, mume sina, na ziko asubuhi naamka natamani nisingeamka. Lakini Mungu alinitoa katika uongo uliokuwa unatuua wawili, na leo tunakula sahani moja. Mwenye binti aliyepita umri na hajavunja ungo, asimtafutie mchawi. Ampeleke hospitali, amshike mkono, na amtegemee Mungu kwa jibu lolote watakalorudi nalo.