Betri ya Kinyozi

Mbele yangu kwenye basi, kinyozi alikuwa amepakata betri mpya ya sola. Mama mshonaji aliyeketi naye akamuuliza kontrola ya kuilinda iko wapi. "Ya nini, mama? Paneli yenyewe moja tu." Mama akasonya. "Basi jua litaichemsha kama maharage, mwanangu." Kinyozi akasema ataifunga pamoja na ile kuukuu, zisaidiane. "Mzima humlazi kitanda kimoja na mgonjwa," mama akamwambia. "Mbona shemeji yangu kafunga hivyohivyo, na taa zinawaka?" "Zinawaka," mama alikubali, kwa sauti ya kutoa pole. Nami nikaitazama betri kama anayeaga maiti.

Basi likasimama. Mama akainuka, akachomoa simu mkobani, imezima. "Hapo kwako," akauliza, "simu unachaji?"