Sabini na Nane Mara Tatu

Benchi letu liko Mwigobero, pale mfereji wa mtaa unapokaribia kumwaga maji ziwani, na nimelikalia tangu enzi za kupigania sabuni dukani hadi mwaka huu wa themanini na nane, sabuni zinauzwa hadi chini barabarani. Asubuhi ile Mzee Felisian alikuja na daftari kwapani na shati la kanisani mwilini. Sisi tunamwita Milimita, maana ndiye anayesoma kipima mvua cha misheni. Mfereji unajengewa kalvati jipya, na injinia wa barabara alikuwa anapita saa nne kuchukua namba zake ili ajue aweke bomba la upana gani. Mzee alikuwa na furaha, jamani, mpaka na sisi ikatuambukiza.

— Injinia anatafuta mvua ya miaka hamsini, Milimita akatuambia. Anachukua ile kubwa ya kila mwaka, halafu anakisia.

— Miaka hamsini! akadakia Boniphace, tunayemwita Redio kwa sababu hazimwi. Kubwa ilinyesha themanini na mbili. Basi mpaka elfu mbili na thelathini na mbili tunakoroma tu!

— Siyo hivyo, wewe. Inaweza kurudi hata kesho. Ni kama bahati nasibu, kila mwaka tiketi moja katika hamsini.

— Heee! Mvua nayo inacheza bahati nasibu?

— Mimi sijui inacheza nini. Mimi nasomaga chupa. Maji yanaingia kwenye faneli, yanashuka kwenye chupa, saa tatu asubuhi napima, naandika. Basi.

Clementi, huyu Sangara wetu mwenye mdomo mkubwa, akalivuta daftari.

— Hebu ona! Mwaka themanini na mbili, milimita sabini na nane. Themanini na nne, sabini na nane. Themanini na sita, sabini na nane tena!

— Si nilisema? Redio akapiga paja. Mvua ya Musoma ina mwisho wake. Ikifika hapo, wingu limekwisha.

— Wingu gani, bwana? Sangara akasema. Ni ziwa. Ziwa linatoaga maji kwa kipimo, mengine linawaachia samaki. Waulize watu wa kisiwani Rukuba, wanajua hii kitu.

— Basi bomba dogo linatosha! Redio akasema.

Milimita alikuwa anapuliza kahawa iliyokwisha poa.

Hapo akafika Eufrasia, muuza dagaa anayekaa nyumba ya mwisho kando ya mfereji. Alikuwa amesikia hilo la bomba dogo. Akatua beseni.

— Shikamoo, Mzee Felisian.

— Marahaba, mwanangu.

— Mvua iliyoangusha ukuta wangu ni hiyo ya themanini na mbili?

— Ndiyo hiyo.

— Na ile ya themanini na nne, iliyoniloweshea kanga tu kwenye kamba, nayo ni sabini na nane?

Mzee akalichukua daftari lake kwa Sangara.

— Chupa yako inachukua milimita ngapi, baba?

Mzee akafunga daftari, akalifungua tena.

— Sabini na nane. Ikijaa, maji yanamwagikia kwenye mkebe wa nje, unapima na hayo. Sasa ule mkebe... mwaka ule wa shida, kabla ya hiyo mvua ya themanini na mbili, mke wangu Dorotea aliuchukua, akaupanga kwenye foleni ya mafuta ya taa umshikie nafasi. Akaenda kanisani. Kurudi, foleni ipo, mkebe haupo. Nikaona aibu kuwaambia misheni.

— Na hayo yaliyomwagika chini yalikuwa ngapi?

Redio akamtazama Sangara. Sangara akatazama kikombe. Mimi nilitazama miguu yangu.

— Sijui, mwanangu, mzee akasema. Sijui kabisa.

Landrova ya injinia ikasimama ng'ambo ya mfereji.

— Basi mwambie hivyo hivyo, kwamba hujui.

— Ataniona mjinga. Miaka yote hii!

— Akuone, baba. Mimi nataka kulala pakavu.

Milimita akaniomba kalamu. Pembeni ya kila sabini na nane, mara zote tatu, akaandika: *na zaidi*.