Mzee Kapinga na Uso wa Tadea

Ndugu Ladislaus Kapinga, mpigapicha wa kitengo chetu cha kumbukumbu hapa Mbinga, anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na minane kazini. Alianza akiwa na nywele, tunamuaga bila.

Wengi wetu tumewahi kusogezewa shavuni kile kipimamwanga chake cha mshale. Siku moja alimsogezea mgeni rasmi, walinzi wakamrukia. Alisubiri wamwachie, akasoma mshale, akapiga. Picha ipo ukumbini, mgeni anacheka.

Ukaidi huo una chanzo. Mwaka wake wa kwanza alitumwa Mbamba Bay kupiga picha ya komunyo ya kwanza. Aliwapanga watoto mbele ya ukuta wa chokaa, akapima mwanga wa ukuta badala ya nyuso. Kipimo kikamwambia mwanga ni mwingi, naye akaubana mno kwenye kamera. Ukuta ulitoka vizuri. Nyuso zikawa giza. Wiki hiyohiyo mtoto mmoja, Tadea, alizama ziwani. Mama yake, Bi Emerensiana, hakuwa na picha yake nyingine.

Sisi wa filamu nyeusi na nyeupe tunajua kwamba mwanga ambao haukufika kwenye filamu siku ile haupatikani tena. Mahali pa uso wa Tadea, negativu ni tupu kama kioo cha dirisha. Hata hivyo mama hupanda huku kila mwaka, na Mzee Kapinga humsafishia picha upya, kwa aibu tu, maana hakuweza kumwambia asije.

Miaka kumi iliyopita, kwenye giza la uso huo pichani, kilitokea kidevu. Kisha mashavu. Mwezi uliopita mimi, msaidizi wake, nilikuwa naye kwenye chumba cha giza, karatasi ikiwa ndani ya dawa, macho ya Tadea yakafunguka. Niliiweka negativu kwenye taa: tupu kama zamani. Lakini pichani, ndani ya gauni la komunyo, alisimama mwanamke anayekaribia hamsini.

Bi Emerensiana, aliyekuwa akisubiri mlangoni, aliipokea akaitazama.

“Ndiye,” alisema. “Amekua, mwanangu. Mwakani nitakuja tena, baba.”

Mzee Kapinga akaninyooshea kidole mimi, kwamba mwakani nitakayemsafishia ni mimi.

Asante, Mzee, kwa mashavu yetu yote uliyoyapima. Kapumzike kijijini kwako Ukata na kahawa yako, na maisha yawe mema kwako. Ila siku atakayokuja Bi Emerensiana usizime simu. Funguo ninazo, na kazi umenifundisha. Ninachoogopa ni karatasi kubaki nyeusi mahali pa uso, na mama amesimama mlangoni.