Mama Vipande na Programu Aliyoigawa kwa Mikono Yake

Ndugu, jamaa na majirani, familia imenituma mimi, mdogo wa mwisho wa marehemu, niwasomee haya.

Dada yetu, ambaye kazini walimwita Mama Vipande, alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa pili wa fundi cherehani na muuguzi, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1981 hadi 1987, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1998 akahitimu shahada ya biolojia, ingawa kompyuta alijifundisha mwenyewe, kwa ubishi tu.

Tarehe 9 Desemba 2000 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa mabinti wawili, na mwalimu alizoea kutania kwamba kaoa mke aliyekwisha kuolewa na kompyuta.

Tarehe 3 Februari 2003 aliajiriwa katika maabara inayosoma vinasaba vya wagonjwa, akaandika peke yake programu ya kupokea data kutoka kwenye mashine, kuisafisha, kuilinganisha na kutoa majibu, kazi zote zikiwa zimesokotana, na, tuseme ukweli hata leo, hakutaka mtu mwingine aiguse. Juni 2017, akiwa amekwenda kumuuguza mama, programu ilikwama siku tisa, wenzake wakaogopa kuifungua, na majibu ya mtoto mmoja wa miezi minne yakatoka siku mbili baada ya mazishi yake. Hakuna aliyemlaumu, lakini alimwambia mumewe, “Nilijenga nyumba ya mlango mmoja, ufunguo nikautia mfukoni,” na tangu hapo usingizi ukampaa.

Akaanza kuigawa programu ile, akitoa kazi moja moja na kuifanya kipande kinachojitegemea, ambacho hata maabara nyingine ingekichukua na kukitumia bila kubeba mzigo wote, akidhani ana miaka mbele yake. Tarehe 18 Agosti 2022 aliambiwa ana saratani ya kongosho, vipande vitano vikiwa tayari na vitatu vimebaki, naye akawaita wenzake kando ya kitanda, akamwomba radhi jirani yake wa dawati, ambaye kwa miaka kumi alimkataza hata kuchungulia, kisha akamkabidhi kile kigumu kuliko vyote, kinachopanga kazi ipi itangulie na ipi ifuate, na viwili vingine akawapa wenzake wavimalizie. Alifariki Jumanne, tarehe 7 Machi 2023, saa moja asubuhi, wiki moja kabla ya kutimiza miaka arobaini na tisa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, majirani waliompikia mwalimu na wanawe bila kuombwa, na wenzake wa maabara, ambao Jumanne hiyo walichelewa kufika msibani, tukanung’unika. Kumbe programu ilikwama saa nne, wakatoa kipande kimoja, wakakitengeneza huku wakilia, vingine vikiendelea na kazi, na ilipofika saa tisa majibu ya wagonjwa kumi na wanane yalikuwa yameshatoka.

Dada, siku hiyo hawakukuhitaji, nasi tunalia kwa hilo pia. Pumzika sasa, kwa amani.