Nyota Nyekundu ya Mzee Mbili-Nane

Baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya kulinda baridi, mtunza chanjo wa hospitali yetu anakabidhi funguo Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa tisa na nusu alasiri. Sherehe ilipangwa saa nane. Yeye akakataa katakata, kwa sababu saa tisa ndiyo zamu ya mwisho ya kusoma kipimajoto na hawezi kuiacha chati na pengo siku yake ya mwisho. Daktari mkuu alijaribu kumbembeleza, eti wageni watachoka kusubiri. Akajibiwa kwamba wageni wana viti.

Wageni kazini huuliza kwa nini tunamwita Mzee Mbili-Nane. Chanjo hutunzwa kati ya nyuzi joto mbili na nyuzi nane. Zikishuka zaidi zinaganda, zikipanda zaidi zinaharibika, na hakuna aliyewahi kuziona zikishuka wala kupanda mikononi mwake. Jambo hilo limemwingia hadi kwenye maongezi. Ukimuuliza habari za asubuhi, hakuambii nzuri wala njema. Anakuambia, "Tano," yaani yuko katikati, salama. Akikujibu "Saba," muulize kama amekunywa dawa zake za presha.

Aliingia hapa kama mfagiaji wa wodi ya watoto. Mwezi wake wa tatu alimwambia muuguzi wa zamu kwamba friji limebadilisha mlio. Muuguzi akamwambia afagie. Kesho yake asubuhi friji lilikuwa limekufa, na chanjo za wilaya nzima zikatupwa. Wiki iliyofuata akapewa ufunguo, akapelekwa mafunzo, na ufunguo ule haujawahi kulala mfukoni mwa mtu mwingine.

Vituko vyake tutavisimulia hadi tuchoke. Mhasibu wetu mmoja, siku ya joto kali, aliificha chupa yake ya soda nyuma ya chanjo za surua. Mzee aliikuta, akaandika ripoti ya kurasa mbili, akaiambatanisha na chupa yenyewe na kuviweka vyote mezani kwa daktari mkuu. Mwaka umeme ulipokatika mchana kutwa na jenereta likagoma, alipakia masanduku ya chanjo kwenye kitanda cha magurudumu cha wagonjwa, akakisukuma barabarani hadi kwenye bucha, akamwomba mwenye bucha barafu yake yote, kisha akakaa juu ya ndoo kuyalinda masanduku mpaka saa kumi na mbili jioni. Wapita njia walidhani amebeba maiti, wakawa wanampa pole. Alizipokea zote, asante, asante, maana hakuwa na nafasi ya kueleza.

Mhariri wa jarida hili aliniomba nusu ukurasa, tena wa kuchekesha. Mpaka hapo nimetii. Kuanzia hapa anisamehe, kwa sababu wiki tatu zilizopita nimeona kitu ambacho siwezi kukiacha nje ya makala haya.

Mnaikumbuka siku ya ukumbi. Chanjo ya korona ilikuwa imefika, mji umejaa maneno, na uongozi ukaamua wafanyakazi kumi na wawili wachanjwe mbele ya watu ili wananchi wapate moyo. Mzee Mbili-Nane alipangwa wa kwanza, kwa kuwa mji mzima unamjua. Siku mbili kabla, alienda kimyakimya kwa daktari mkuu akaomba aondolewe kwenye orodha. Alieleza kwamba miaka mingi nyuma aliwahi kuchomwa sindano ya dawa akaanguka na kuzimia, na angependa apimwe kwanza. Daktari akasema ataangalia faili. Faili nililipeleka mimi, karani wa masjala, kwa mikono yangu hii.

Asubuhi ile foleni ilikuwa ya watu zaidi ya mia mbili. Kabla ya sindano ya kwanza, fundi cherehani mmoja aliomba kipaza sauti akauliza, "Huyo anayezitunza, yeye kachanjwa?" Mzee angeweza kukohoa. Angeweza kuinama afunge kamba za viatu. Akasimama akasema bado, akaeleza sababu yake, akaongeza kwamba chanjo ni nzima, amezilinda mwenyewe, na asiye na tatizo kama lake asiogope. Daktari mkuu akamnyang'anya kipaza sauti. Maneno yake nayakumbuka yote: "Faili lake nimelishika asubuhi hii. Hana tatizo lolote, ni hofu tu. Kazi yake ni friji. Udaktari atuachie sisi."

Wachache walicheka, kisha ukumbi ukalipuka. Hawa wanapiga kelele kwamba daktari ndiye aliyesoma, wale wanauliza kwa nini mtu mzima anaziba mwenzake mdomo kama hakuna kinachofichwa. Viti vilianguka. Katika ule mtafaruku hakuna aliyekumbuka kwamba Mzee alikuwa amesema chanjo ni nzima. Walikumbuka tu kwamba mwenye friji hajachanjwa, na kwamba alipotaka kujieleza alifokewa.

Mama yangu mdogo, aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili, alikuwa mtu wa saba kwenye foleni. Alikuwa na presha na sukari, na nilikuwa nimembembeleza wiki tatu nzima aje. Akainuka, akachukua mkoba wake, akanigonga gonga begani. "Kama mwenye friji haitaki, mimi nani niitake?" Wakabaki watu arobaini hivi. Wiki ya tano baada ya hapo alilazwa, akakaa kwenye oksijeni siku tisa, akafariki. Sijui kama chanjo ingemwokoa. Madaktari wanasema ingempa nafasi kubwa zaidi, nami nafasi hiyo niliitaka.

Mzee alikuja kuzika. Alisimama nyuma kabisa, barakoa usoni, nami nikampa kisogo. Siku niliyorudi kazini nilimkuta chumba cha chai, wenzetu wakiwa wamejaa, nikamwambia, "Umemuua mama yangu." Nilisema kwa sauti, ili kila mtu asikie, na mkasikia. Aliweka kikombe chini, akatazama saa, akaenda kusoma kipimajoto. Tangu siku ile, miaka mitatu, tumepishana kwenye ujia ule ule kila siku ya kazi na sikumsalimia hata mara moja. Wengi wenu mlinifuata. Mlimkalia kimya kwa sababu yangu.

Sasa sikilizeni. Wiki tatu zilizopita nilikuwa natafuta tarehe yake ya kuajiriwa, kwa ajili ya makala haya haya. Kwenye rafu ya chini kabisa ya masjala nilichomoa kipande cha kadibodi kilichokuwa kinatenganisha mafaili. Kilikuwa jalada lake la zamani la matibabu. Pembeni, kwa wino mwekundu uliokolezwa, palichorwa nyota kubwa, na chini yake muuguzi wa zamani ameandika: mzio, alizimia dakika kumi na tano baada ya sindano.

Nilikaa sakafuni.

Hapa kwetu kila mtu anaijua nyota. Mgonjwa ambaye mwili wake unakataa dawa fulani anachorewa nyota nyekundu juu ya jalada, ili daktari aione kabla hajafungua. Tumeizoea kiasi kwamba jalada likiwa safi hakuna anayesumbuka kusoma ndani. Mwaka mmoja kabla ya korona tulibadilisha majalada yote. Nilibadilisha mia sita na kumi na mawili kwa siku tano, nikapewa cheti cha kazi bora, nikakitundika ukutani. Na katika kuharakisha kwangu, nyota ile sikuihamisha. Faili nililompelekea daktari mkuu siku ile lilikuwa na jalada jipya la bluu, linang'aa, halina hata nukta.

Kwa hiyo hofu ya Mzee ilikuwa ya kweli, na aliyeifanya ionekane uongo ni mimi. Kama nyota ingekuwepo, daktari angewaambia watu mia mbili kwamba huyu mmoja ana sababu yake na nyinyi wengine njooni. Mama mdogo angekaa kwenye kiti chake cha saba. Nimelizungusha jambo hili kichwani kila upande, jamani, na kila upande linarudi masjala.

Nilimpelekea daktari mkuu jalada lile pamoja na faili lake. Alilitazama, akakaa chini, akafungua faili lenyewe. Ukurasa wa ishirini na saba una maelezo yote, na sahihi. Alikuwa amesema amelishika, na kweli alikuwa amelishika tu. Nilimwomba ruhusa ya kuandika haya. Akasema, "Niandike na mimi." Basi nimemwandika.

Kisha nikaenda kwa Mzee mwenyewe. Ilikuwa saa tano kasoro dakika tatu. Nikaanza kulia kabla sijasema neno. Akaniambia nisubiri, akafungua friji, akasoma, akaandika kwenye chati kwa penseli, akafunga. Ndipo akalipokea jalada kwa mikono miwili. Aliyasoma yale maandishi mekundu, akasema, "Kumbe sikuota."

Miaka mitatu mtu huyu alikuwa ameanza kujitilia shaka, kwa kuwa daktari alisema mbele ya mji mzima kwamba faili halina kitu, na faili ni kubwa kuliko kumbukumbu ya mtu. Nilitegemea anitukane. Badala yake alichomoa kadi kutoka kwenye folda ya chati zake. Ilikuwa kadi ya chanjo ya korona, yenye jina lake, na tarehe yake ni wiki ya tatu baada ya kumzika mama mdogo. Alikuwa amekwenda hospitali nyingine, mbali, bila faili. Daktari wa huko alimsikiliza, akamuuliza maswali nusu saa, akamchagulia aina, akamkalisha saa nzima dawa ya dharura ikiwa pembeni. Hakupata hata upele. Nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Aliniuliza kwa upole kabisa, "Ningemwambia nani?"

Alikuwa haongei na mtu kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuongea naye.

Siku nne zilizofuata nililinganisha kila jalada la zamani lililobaki masjala na faili lake. Nyota nyingine kumi na moja zilikuwa zimepotea. Zote zimerudishwa, na wenye mafaili wamepigiwa simu, isipokuwa wawili ambao bado tunawatafuta. Kila faili sasa lina nyota juu ya jalada na nyingine ukurasa wa kwanza ndani. Wazo hilo ni la Mzee. Cheti changu nimekishusha ukutani. Nyota yake niliichora upya yeye akiwa amesimama pembeni, na aliniambia niikoleze.

Mzee Mbili-Nane, nilikuita muuaji mbele ya watu, kwa hiyo nakanusha mbele ya watu. Hukumuua mama yangu. Ulisema kweli ukumbini, ukatetea chanjo huku ukidhalilishwa, na miaka mitatu ukaendelea kuzilinda kwa ajili ya watu waliokununia, mimi nikiwa wa kwanza. Hakuna hata chupa moja iliyoharibika. Sijui ulikuwa unakula nini kupata moyo huo.

Kwa niaba ya wauguzi, madaktari, wahasibu pamoja na yule wa soda, na watoto wa mji huu waliokua bila kujua kwamba kuna mtu anawasomea kipimajoto, tunakushukuru. Faili lako nitalipeleka mwenyewe kwenye zahanati ya mtaani kwako, nimwoneshe daktari wa pale nyota, na nisiondoke mpaka asome ukurasa wa ishirini na saba.

Ijumaa saa tisa kasoro nitakuwa mlangoni kwa friji. Nitakuamkia, nikuulize habari, kisha nisubiri jibu. Na siku zako zote za kupumzika, mzee wetu, Mungu aijalie kila moja iwe tano.

Karani wa masjala